Asasi za Mtwara na Lindi ziwe na ikama zao (orodha ya nafasi za kazi zinazohitajika), au tuendelee kuajiri kwa mradi?

Mratibu wa Zamani, Masasi (mwanzisha mada)

Ndugu zangu wa Kusini, nawasalimu. Ninaleta jambo ambalo wengi wetu tumelimeza kimya kimya tangu mwanzoni mwa 2025, na tukiendelea kulimeza naona litatumaliza.

Januari ile nilikuwa mratibu wa mradi wa vijana wanaoishi na VVU katika wilaya mbili za huku. Tarehe 20 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Wiki iliyofuata barua ilikuwa imeshashuka, kutoka kwa mfadhili hadi shirika kubwa la Dar es Salaam, kutoka kule hadi kwetu sisi wa chini: simamisheni kazi zote. Machi tukasikia asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa, na tarehe 1 Julai shirika lenyewe likafungwa. Ofisi yetu ilikuwa na watu 14 wa mshahara. Tulikabidhi pikipiki, kompyuta na funguo, tukasaini. Lakini nani kati ya wale vijana kahama, nani kaacha dawa kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani, nani anaogopa kuonekana kliniki ya hapa anapanda gari kwenda kuchukua dawa Nachingwea, hayo tulikuwa nayo vichwani. Hakuna aliyetuuliza tumeyakabidhi kwa nani.

Sitaki tubishane kama Marekani ilitenda haki. Uingereza nayo Februari ile ile ilitangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Fedha ni zao. Swali langu linatuhusu sisi. Kwa nini siku ile, katika asasi zote ninazozifahamu kuanzia Mangaka hadi Kilwa Masoko, haikuwepo hata moja yenye karatasi inayosema: fedha hii ikikatika nani anabaki, analipwa kwa fedha ipi, na anayeondoka anamwachia nani kazi?

Halmashauri wanayo karatasi hiyo, wanaiita ikama. Kila mwaka kabla ya bajeti wanaandika: nafasi zinazohitajika, zilizojazwa, zilizo wazi, nani anastaafu lini. Mapengo ni mengi, kila mwenye mtoto shuleni anajua. Lakini pengo la mwalimu wa hisabati linajulikana, lina namba, mbunge anaweza kulisimamia bungeni. Kwetu sisi wa asasi pengo halijulikani kwa sababu hatujawahi kuandika kinachohitajika. Tunaandika kinachofadhiliwa. Mfadhili akitaka lishe tunaajiri watu wa lishe. Miaka 3 baadaye akitaka mabadiliko ya tabianchi, wa lishe wanapewa barua ya shukrani.

Na sisi wa mikoa hii tulipaswa kuwa wa kwanza kujifunza. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga Nachingwea, ukaja na bandari ya Mtwara na reli. Mwaka 1951 wakauacha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Leo Manispaa ya Mtwara Mikindani ina Kata ya Reli na reli yenyewe haipo. Ufini walikuja na maji miaka ya 1970, kisha RIPS, mradi wa maendeleo vijijini, kuanzia 1988 hadi 2005, kisha LIMAS, wa kilimo biashara, kuanzia 2010 hadi 2016. RIPS iliwafundisha watu wetu kuendesha mikutano ya kijiji ambayo hata mama aliyekaa nyuma kabisa anapata nafasi ya kusema. Wachache kati yao nawafahamu. Mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi, mwingine analima ufuta Ruangwa. Mimi niliajiriwa na asasi nyingine miaka mingi baada yao, nikafundishwa yale yale kuanzia mwanzo, na hakuna aliyenitajia kwamba wapo.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kila asasi iandike ikama yake ya miaka 5 bila kutazama mradi: ikiwa na watu wachache kabisa, ni nafasi zipi zikikosekana hakuna asasi tena? Kwa asasi nyingi nadhani ni 4. Kiongozi, mhasibu, mtu wa ufuatiliaji na tathmini, na mtu anayefahamika vijijini. Asasi ndogo zisizoweza kumlipa mhasibu ziungane 4 au 5 kumlipa mmoja. Lisiandikwe andiko la mradi lisilo na michango ya NSSF, notisi na gharama za kufunga mradi ndani yake. Na kila asasi ijenge akiba ya mishahara ya miezi 3 kwa hao wa msingi, hata kama itachukua miaka. Tukikwama, tuziombe halmashauri na vyama vya ushirika vya korosho vichangie, maana kazi tunayofanya ni ya wanachama wao.

Wapo wanaoamini kwamba asasi ni wito na kujitolea, na anayetaka ajira ya kudumu aende serikalini. Nao nawakaribisha. Hilo hasa ndilo nataka tulijadili.

Mkulima wa Kitangari

Mratibu, mdogo wangu, pole sana kwa yaliyokupata. Nasema kwa moyo. Lakini sikubaliani nawe.

Kazi ya asasi inatakiwa iishe. Hapa juu Newala tulikuwa na kamati ya maji iliyolelewa na asasi, tukafundishwa kusoma mita, kutunza daftari, kununua vipuri. Wakaondoka. Kamati ipo. Kama wale wangekuwa na ikama ya miaka 5 na akiba ya mishahara, unadhani wangeondoka? Wangetafuta tatizo jingine hapa hapa ili nafasi zisife. Sisemi ni watu wabaya. Mtu mwenye watoto shuleni hawezi kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kazi yake imekwisha. Ndiyo maana mimi naona ajira ya mradi ina adabu yake: ina tarehe ya mwisho.

La pili ni korosho. Mzigo wetu ukifika ghala kuu una makato yake kabla hatujaona shilingi: ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, usafirishaji. Kila mwenye wazo zuri katika mikoa hii wazo lake linaishia kwenye kilo ya korosho. Mwaka 2018 serikali ilinunua korosho yetu kwa kutumia jeshi, kwa bei iliyotangazwa ya shilingi 3,300, na wapo waliongoja malipo hadi msimu mwingine ukaingia. Hatujasahau jinsi mkulima anavyoambiwa subiri. Msitupangie mishahara yenu humo.

Mama wa Kivinje

Shikamooni mnaostahili, wengine habari zenu.

Mratibu, nimeisoma ikama yako mara mbili. Kiongozi, mhasibu, mtu wa tathmini, mtu anayefahamika vijijini. Nimejitafuta nisijione. Huyo wa nne nilidhani ndiye mimi, halafu nikafikiri, hapana, huyo ni afisa mwenye pikipiki anayekuja kwangu ili afahamike.

Mimi nina miaka 11 natembea nyumba kwa nyumba. Nimefanya kazi na asasi 5, kila moja ilinipa fulana yake. Mtaa ni ule ule, wajawazito ni wale wale, mkoba ni huu huu. Malipo yameitwa posho, nauli, maji ya kunywa, motisha. Hakuna hata asasi moja iliyoyaita mshahara. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga na magari yakalala njiani siku kadhaa. Hakuna afisa aliyefika kwetu siku zile, na simlaumu, angepita wapi? Sisi tulikuwepo. Tuliwahesabu wazee waliolala kwenye maji, tukawatafutia pa kulala wenye watoto wachanga. Nafasi ambayo ikikosekana hakuna asasi ni ipi hapo?

Serikali mwaka huo huo Januari ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu 137,294 nchi nzima kwa miaka 5, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Ni jambo jema na ninaliunga mkono. Kwetu aliyechaguliwa ni mtoto wa dada yangu, binti mwenye akili. Kila Jumanne ananifuata nimwonyeshe njia, nyumba ipi ina mgonjwa aliyefichwa, mama yupi haongei mbele ya mume. Ninamfundisha kwa furaha kwa sababu ni damu yangu. Lakini naomba mnijibu: mimi ninayemfundisha ni nani kwenye ikama yoyote ile?

Mhasibu, Ligula

Nimefanya hesabu za asasi kwa miaka 9, na sasa nafanya za asasi 3 kwa wakati mmoja, kwa hiyo hilo la kushirikiana mhasibu naweza kulisemea. Linawezekana. Jumatatu na Jumanne niko kwa mmoja, Jumatano na nusu ya Alhamisi kwa wa pili, zilizobaki kwa wa tatu. Kila mmoja ananilipa sehemu yake na kila mmoja anachangia NSSF kwa sehemu hiyo. Kinachochosha ni kwamba kila mfadhili anataka karatasi ya saa zangu kwa mfumo wake, na wakaguzi wote huja Januari na Februari. Lakini vitabu vya asasi zote 3 vimenyooka, na kila mwaka taarifa zinafika kwa Msajili wa asasi kwa wakati. Kabla ya hapo moja kati yao ilikuwa na mhasibu mpya kila mradi, na kila mpya alianza kwa kutafuta stakabadhi za aliyemtangulia.

Akiba ndiyo ngumu, na nataka tuwe wakweli kuhusu ugumu wake.

Chukua hao watu 4 wa Mratibu kwa wastani wa 800,000 kila mmoja. Ni 3,200,000 kwa mwezi. Ongeza asilimia 10 ya mwajiri kwenda NSSF, inakuwa 3,520,000. Miezi 3 ni 10,560,000. Hiyo hutoi kwenye fedha ya mradi, kwa sababu fedha ya mradi isiyotumika inarudi kwa mwenyewe, na ukiihifadhi unaitwa mwizi. Inatoka kwenye fedha huru tu: ada za wanachama, michango, ukumbi mnaokodisha, au ile sehemu ya gharama za uendeshaji. Asasi ninayoifahamu zaidi ikijibana sana inaweka 200,000 kwa mwezi. Ugawe. Ni miezi 53, miaka 4 na ushee, kama hapajatokea msiba wala gari kuharibika.

Sasa hapo kwenye gharama za uendeshaji ndipo penye donda. Kanuni za Marekani ziliruhusu shirika lisilo na kiwango chake maalumu kudai asilimia 10 juu ya gharama za mradi, na Oktoba 2024 zikapandisha hadi 15. Miradi niliyoishika mimi, fedha ilipopita kwa shirika la juu, sisi wa chini tuliambiwa bajeti haina nafasi ya kitu hicho. Tukalipia kodi ya ofisi kwa kumwandika mlinzi kama mtumishi wa mradi. Mnaona tulivyofundishwa uongo mdogo mdogo? Mwaka 2016 kule Istanbul wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 walau robo ya fedha za misaada ya dharura itawafikia watu wa ndani bila kupita mikono mingi. Mwaka 2020 umepita na ahadi haikutimia. Hata dola moja kati ya kumi haijafikia.

Jambo moja la haraka kwa mliopoteza kazi, maana wengi hamlijui: mwenye taaluma aliyechangia NSSF walau miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari yake anayo haki ya fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Nimekutana na watu waliokaa nyumbani mwaka mzima bila kwenda kuuliza. Na nimekutana na wengine walioenda wakakuta mwajiri alikata kwenye mshahara na hakupeleka. Huyo mwajiri alikuwa asasi ya kutetea haki. Nililia siku ile, sitanii.

Kijana wa Chikongola

Naomba kuuliza tu. Nina shahada, nimejitolea kwenye asasi mbili kwa jumla ya miaka 2 na miezi 4, bila nauli. Nafasi ikitangazwa wanataka uzoefu wa kazi wa miaka 3, na kujitolea hakuhesabiwi. Kwenye hizo ikama, mlango wa kuingilia uko wapi? Au nafasi 4 zitakaliwa na wazee 4 hadi wafe?

Muuguzi Mstaafu, wilaya ya Mtama

Mwanangu wa Chikongola, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa upande wangu.

Nimefanya kazi hospitali za misheni na zahanati za serikali miaka 34. Nimeona asasi zikija na kuondoka, na kidonda nilichonacho ni tofauti na cha Mratibu. Zahanati moja niliyoisimamia ilikuwa na wauguzi 3. Ukaja mradi, ukamchukua aliye bora kwa mshahara karibu mara mbili. Kazi aliyokwenda kufanya ilikuwa kutufundisha sisi tuliobaki jinsi ya kujaza fomu zao. Akina mama wakawa wanajifungua mikononi mwa watu 2 badala ya 3. Mradi ukaisha baada ya miaka 4. Binti akataka kurudi, haikuwezekana, kwa sababu ajira ya serikali unaomba upya na kusubiri kibali kama aliyemaliza chuo jana. Zahanati ilimkosa, na asasi ikamkosa. Sasa ana genge la samaki. Muuguzi mwenye mikono ile, jamani.

Ndiyo maana nikisikia kila asasi iandike ikama yake, naogopa. Mtaandika ikama 40 za kugombania watu wale wale. Ikama iwe ya wilaya. Mganga Mkuu wa Wilaya, Afisa Maendeleo ya Jamii, hospitali za kanisa na asasi wakae meza moja, waseme: wilaya hii ina wauguzi wangapi, wahasibu wangapi, wenye ujuzi wa kufanya kazi na walemavu wangapi, na nani anamwazima nani. Hospitali za kanisa zimekuwa na watumishi wa serikali kwa makubaliano kwa miaka mingi, kwa hiyo mtu wa mwajiri mmoja kufanya kazi kwa mwingine si jambo geni huku kwetu.

Na kuhusu wazee kukalia nafasi: Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906. Waliokuja kutoka Ujerumani walizeeka, wakafa, makaburi yao yapo pale. Hospitali haikufungwa, karakana haikufungwa, kwa sababu kila fundi alikuwa na mwanafunzi wake pembeni miaka mingi kabla ya kuzeeka. Mradi wa karanga ulikuwa na fedha nyingi kuliko watawa wale na haukumaliza hata miaka 5. Kila nafasi kwenye ikama yenu iwe na jina la pili chini yake, la anayejifunza, naye alipwe kitu. Kijana aingilie hapo.

Mlinzi wa Msitu, Kilwa

Niongeze la kwetu kwa ufupi. Sheria ya Misitu ya 2002 iliruhusu kijiji kumiliki msitu wake. Asasi moja iliyoko Kilwa ilivisaidia vijiji kupima, kuandika mpango wa uvunaji, na mwaka 2009 ikapatikana hati ya kimataifa ya misitu inayosimamiwa vizuri, ya kwanza Afrika kwa msitu wa asili ulio mikononi mwa wanavijiji. Kijiji kikiuza mpingo na mbao nyingine, sehemu ya fedha inarudi kulinda msitu. Mimi doria yangu nalipwa na kijiji. Bei inapangwa kwenye mkutano mkuu, na mkutano huo huo unaweza kuniondoa.

Mzee wa Kitangari anataka asasi iondoke kazi ikiisha. Mratibu anataka watu wabaki. Huku sisi tuliobaki ni sisi tunaolipwa na mti. Lakini tukipata mnunuzi mgumu au vipimo vyenye utata bado tunawahitaji wale wataalamu wa asasi, na wataalamu hao hakuna kijiji kinachoweza kuwalipa peke yake. Mti hauzai mhasibu. Na si kila kazi ina mti. Mama wa Kivinje atauza nini, majina ya wajawazito?

Mratibu wa Zamani, Masasi

Nimesoma yote, nimekaa nayo siku mbili kabla ya kujibu.

Mzee wa Kitangari, shikamoo. Umenishinda kwenye korosho, ninaliondoa pendekezo lile. Nilikuwa nimefikiria ushuru ambao halmashauri inaupata tayari, si makato mapya, lakini najua jinsi mambo hayo yanavyoanza na yanavyoishia. Kwenye lile la kazi kuisha, nakubali nusu. Kamati ya maji inaweza kuachwa ikasimama. Kijana wa miaka 16 mwenye VVU hawezi kuachwa kwa sababu mradi umefika tarehe yake, atahitaji dawa akiwa na 26 na akiwa na 56. Binti mlemavu aliyefichwa ndani, mtoto anayepigwa, mzee asiye na mtu, hizo kazi haziishi, ni wahusika tu wanaobadilika. Adabu ya tarehe ya mwisho uliyoitaja ni kweli kwa bomba la maji. Kwa watu hawa tarehe hiyo inaua.

Mama wa Kivinje, nimeona aibu. Miaka 8 nimeandika ripoti za robo mwaka ambazo wewe na wenzako mko kwenye safu ya "waliofikiwa na mafunzo". Tulihesabu ni mara ngapi tumewafundisha, hatukuhesabu mmefanya kazi saa ngapi. Kama tungeandika saa zenu kwa kima cha chini cha mshahara tu, bajeti zetu zote zingeonekana zilivyokuwa za uongo. Naanza upya kutoka kwako. Nafasi ya kwanza kwenye ikama ni ya mtu wa mtaani, anayelipwa kila mwezi na kuchangiwa NSSF, na kiongozi anakuwa wa mwisho kuandikwa. Najua maana yake: badala ya maafisa 4 wa kati watabaki 2, na mshahara wa mtu kama mimi utashuka. Nimeongea na mke wangu kuhusu hilo kabla sijaandika hapa.

Muuguzi, nakubali ikama iwe ya wilaya. Wasiwasi wangu ni mmoja na sitaki kuuficha. Asasi nyingine kazi yao ni kuisema halmashauri inapokosea. Hapa Kusini mwaka 2013 wakati wa vurugu za bomba la gesi tuliona jinsi maneno yanavyoweza kumgharimu mtu. Kama meza ya kupanga watumishi iko ofisini kwa Mkurugenzi, nani atamwazima mhasibu kwa asasi iliyoandika kwamba fidia ya ardhi ilicheleweshwa? Kwa hiyo daftari la wilaya liwe chini ya mtandao wa asasi zenyewe, kupitia Baraza la Taifa la mashirika yetu kwa ngazi ya wilaya, na halmashauri ialikwe. Hilo nitalipigania.

Muuguzi Mstaafu, wilaya ya Mtama

Lipiganie, mwanangu, lakini usiifungie halmashauri mlango. Wauguzi wako kwao.

Mkulima wa Kitangari

Marahaba, Mratibu.

Kwa huyo kijana mwenye dawa sina la kubisha. Nina mjukuu niliyeachiwa na ndugu yangu, najua unachosema. Basi niweke sharti langu. Ikama isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi 3, mbele ya watu wanaohudumiwa: nafasi, kazi, na mshahara wa kila nafasi kwa shilingi. Kama mmeogopa kuutaja mshahara mbele yetu, basi ni mkubwa kupita kazi, au ni mdogo kupita haki. Na kwenye kila nafasi iandikwe kama ni kazi ya kuisha au si ya kuisha. Ya kuisha iwe na tarehe.

Mhasibu, Ligula

Sharti la Mzee nalikubali, na nitatengeneza jedwali. Nina safu hizi hadi sasa: kazi, mtaa au kijiji, saa kwa wiki, malipo kwa mwezi, NSSF, chanzo cha fedha na mwaka kinapoisha, anayejifunza chini yake, ya kuisha au si ya kuisha. Asasi zangu 3 zitajaza kwanza. Nawaomba wengine wa Lindi Mjini, Liwale na Tandahimba mjitokeze, tukifika asasi 10 tutakuwa na kitu cha kumwonyesha mfadhili yeyote atakayekuja.

Mama wa Kivinje, wewe ndiye mstari wa kwanza. Niandike jina gani la kazi? Mhamasishaji, mtoa huduma wa kujitolea, kiongozi wa jamii? Mifumo ya wafadhili ina majina mengi.

Mama wa Kivinje

Andika mhudumu wa nyumba kwa nyumba. Mtaa mmoja, saa 22 kwa wiki, nimezihesabu jana na juzi. Anayejifunza chini yake mwandike binti wa dada yangu. Ya kuisha au si ya kuisha, andika si ya kuisha.

Kwenye safu ya malipo naomba uache wazi kwa leo. Jumamosi tunakutana wahudumu wote wa mitaa ya Kivinje, wa asasi na wa serikali, tutakubaliana kiasi kimoja halafu nitakutumia.